Mzee Onyancha na Tamthilia Isiyosimulika

Mzee Onyancha anaishi peke yake hapa Alief, Marekani, mlango wa pili kutoka kwangu. Bintiye Moraa, ambaye ni nesi na anakaa Sugar Land, mji wa jirani, ndiye aliyemleta kutoka Kisii baada ya mke wa Mzee kufariki. Kule Mzee alikuwa karani wa kupima majani kwenye kiwanda cha chai. Kantini ya kiwanda ilikuwa na televisheni moja, na tamthilia za Waingereza zilionyeshwa wakati wenzake wengi wako zamu. Basi siku ya pili yake, wakati wa chai, yeye ndiye aliyewasimulia: mpelelezi mwenye koti refu aliingia nyumba gani, akamuuliza nani, nani akababaika. Watu walichelewa kurudi kwenye mashine.

Desturi hiyo alihama nayo. Kila Jumapili baada ya kanisa tunakula ugali kwake, kisha anafuta midomo na kutusimulia alichotazama wiki hiyo. Ni tamthilia za Waingereza tu. Za Wamarekani anasema zina bunduki nyingi na maneno machache.

Mwaka huu mambo yakageuka. Alianza kusimulia vizuri, akafika katikati, akasimama.

"Halafu yule... ngoja. Hapana, huyo alikuwa amekufa."

Akaomba maji. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Moraa alinitazama, nami nikatazama sahani.

Akanivuta jikoni. "Wilbroad, unamwona Baba? Kazini wazee wanaanza kusahau hivi hivi. Sheldon anasema ahamie kwake kule mbali Irving, mkewe anashinda nyumbani." Sheldon ni kaka yake. "Lakini Baba akitolewa hapa, kwa marafiki zake na kanisa lake, atanyong'onyea. Keti naye utazame, uniambie kama anafuata."

Nikaketi naye mchana, kabla ya kwenda dukani ninakofanya kazi. Picha zilikuwa na giza kama zimepigwa ndani ya gunia. Watu walinong'ona. Mara ni mwaka huu, mara ni zamani, na mwanamke ana nywele zile zile.

"Mzee, aliyekufa ni nani?"

"Wewe wa Bukoba, kwani huna macho? Niambie wewe."

"Nadhani ni yule wa kwenye gari."

"Yule ni polisi."

"Na tamthilia za zamani zilikuwa hivi?"

"Zamani mtu akifa alikaa amekufa! Waingereza wameishiwa, bwana. Wanatuonyesha mashindano ya kupika keki na watu wanaouza nyumba, na wakitunga hadithi wanaisahau njiani."

Nilimwambia Moraa kwamba hata mimi sikuelewa. Alicheka kidogo, kwa upole. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kwa hiyo neno langu halikumsaidia. Nami sikujua kama tatizo ni tamthilia, ni Mzee, au ni mimi.

Jumapili iliyopita Sheldon alipiga simu tukiwa mezani, akasema gari la kubeba vitu vya Mzee limepatikana. Mzee akasukuma sahani.

"Mnanihamisha kwa sababu ya sinema? Haya. Moraa, keti hapa. Tazama, halafu unisimulie wewe."

Moraa aliketi na nguo zake za kanisani. Mwanzoni alikuwa anamtazama babake, si televisheni. Baadaye akainama mbele.

"Kwani huyu hakufa?"

"Huyo ni pacha wake."

"Nani amesema ni pacha?"

"Mimi. Nimemsaidia mwandishi."

Moraa alicheka mpaka akashika ubavu. Ilipokwisha, hakuna aliyekamatwa. Waliandika tu kwamba itaendelea mwakani.

"Simulia," Mzee akasema.

Moraa alianza, akafika kwenye gari, akakwama. Kisha akampigia kaka yake hapo hapo. "Sheldon, hilo gari wacha. Baba haendi mahali. Tazama wewe kwanza, halafu uniambie nani aliua."

Mzee alipiga makofi.

Jumatatu nilimpelekea ndizi mbivu. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Moraa alikuja jana?" akaniuliza.

Nilidhani ananitania. Ndiyo kawaida yake, huanza na uso mkavu. Nikangoja acheke.

"Alikuja, Mzee. Mlitazama pamoja."

"Akasema nini?"

"Akasema unabaki hapa."

"Vizuri," akasema, akaanza kumenya ndizi. Uso wake haukubadilika.

Sijampigia Moraa. Nikimwambia alivyoniuliza, Mzee atapelekwa Irving, na pengine alikuwa anacheza na mimi tu. Nisipomwambia, sijui nitakuwa nimefanya nini. Na ile tamthilia ilikuwa mbovu kweli, hata Moraa aliona. Hilo ndilo linalonichanganya zaidi.