Jina la Mchungaji Kamau

Tata Njeri alikataa kabisa kwenda Thika. Tata, yaani mama yangu mdogo, ni mjane wa Mchungaji Kamau, na kanisa alilolichunga huko lilikuwa linamfanyia ibada ya ukumbusho, mwaka mmoja tangu atutoke. "Nikafanye nini?" akaniuliza. "Sikuzaa. Jina la mzee limekwisha." Kwetu Wakikuyu mtoto hupewa jina la babu au la shosho, yaani nyanya, kwa hivyo uchungu wake niliuelewa. Lakini mimi nikiamua, nimeamua. Nikamwambia, "Ingia kwa gari, Tata, utalilia huko mbele."

Kutoka Ruiru mpaka tukapita Juja hakusema neno. Nami ninavyopenda kuongea! Nikaishia kugombana na malori.

Thika, kanisa lilijaa hadi mlangoni. Wazee walisifu mahubiri ya marehemu, Tata akitazama sakafu tu. Tulipotoka, mwanamke kijana akamshika mkono. Aliitwa Nyambura, kibarua wa kiwanda cha matunda kule Eneo la Viwanda.

"Mama, nina kachanga nyumbani. Tafadhali uje ukaone."

Kiandutu, mtaa anakoishi, tuliacha gari barabarani, tukatembea kati ya vyumba vya mabati. Nyambura akamfokea mwanawe mkubwa: "Kamau! Toka kwa hayo maji!" Mbele kidogo mama mwingine naye akaita Kamau wake. Penye mfereji, Kamau tena.

"Ngai! Kwani hapa kila mtoto ni Kamau?" nikatania.

Nyambura hakucheka. "Baba alinifukuza nikiwa na mimba ya huyu, akanikataza majina yote ya kwao. Mwanamume naye akatoroka. Mtoto alikaa bila jina mpaka Mchungaji akaja, akambeba, akasema, 'Mpe langu. Babu yake ni mimi.' Na si mimi peke yangu, wengi hapa aliwaambia hivyo."

Tata alisimama pale pale. "Mbona hakuniambia?"

"Aliogopa kukuumiza, Mama."

"Na wasichana?"

"Wasichana alikataa kuwapa. Alisema jina la nyanya yao ni lako, uombwe mwenyewe. Tukakuogopa." Akaingia ndani, akatoka na mtoto mchanga wa kike, akamweka mikononi mwa Tata. "Leo mimi naomba."

Tata alilia kwa sauti, nami nikalia, sioni haya kusema. Kisha akamfunua mtoto uso. "Njeri," akamwita. "Habari yako, wajina wangu?"

Kurudi Ruiru, Tata ndiye aliyeongea njia nzima, mimi nikakosa pa kuingilia. Alikuwa akipanga lini atarudi, maanake Kiandutu kuna wasichana wengine wanaomngoja. Nikaendesha nikiwaza: kumbe watoto wa mtu si wale wa damu yake tu, na Mchungaji alilijua hilo zamani, akakaa kimya.

Jirani alitukuta langoni. "Mama Mchungaji, mmerudi?"

"Tumerudi," Tata akajibu. "Lakini kuanzia leo niite shosho."