Ekaju wa Pande Mbili na Unga wa Serikali

Mikono ya Ekaju mimi naijua. Alipokuwa kijana, lori la mahindi lilikwama kwenye matope ya barabara ya Malaba. Akafunga kamba kwenye baiskeli yake, akalivuta mpaka Tororo, na dereva huko ndani hakuamka usingizini. Asiyeamini akaulize lile jabali la Tororo, lilikuwa pale linatazama.

Miguu ndiyo iliyomkataa. Alizaliwa Mwello, mbali na hapa mpakani, polio ikampitia akiwa hajamaliza kuota meno, na mama yake akambeba mgongoni shambani na kanisani mpaka mgongo ukachoka. Kanisa likampa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Akaipanda Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu alikuwa hapa kwetu Busia, upande wa Uganda, anauliza kama kuna mzigo.

Hapa kwetu walemavu wenye baiskeli za namna hiyo ndio wachukuzi. Nyuma ya kiti pana nafasi ya magunia, na kwenye foleni ya mpakani watu huwapisha. Ekaju alikunywa uji Uganda, akala chapati ya mchana Kenya kwa Lorine muuza chapati, akarudi jioni na sabuni, mchele, mayai. Mayai ya Ekaju hayakuvunjika hata siku moja. Kuna trei lililototoa vifaranga foleni ikiwa ndefu, na vifaranga nao akawafikisha kwa mwenyewe, wakiwa wameshiba.

Kisha korona ikaja, mpaka ukafungwa, yakaruhusiwa kupita malori tu.

Sasa tazama kosa letu sisi watu wa mpakani. Sisi tulisema, Ekaju amebaki ng'ambo kwa Lorine, huyo anakula chapati kutuzidi. Lorine naye huko akasema, Ekaju yuko kwao Uganda, ndugu zake wanamlisha. Kila upande ukamwachia mwenzake. Kumbe mtu amejifungia katika chumba alichopanga hapa hapa mtaani kwetu, nyuma ya kinu cha kusagia cha Maloba, na kinu chenyewe kimenyamaza kwa kukosa mahindi.

Nilimgundua kwa sababu ya kuku wangu aliyepotea. Nilimfuata mpaka mlango wa Ekaju, nikachungulia. Ekaju alikuwa ameketi sakafuni, anamtazama kuku kama mtu anayesali.

"Ekaju, huyo ni wangu."

"Najua, Mama. Ndiyo sababu mimi namtazama tu."

Nilimpa viazi nilivyokuwa navyo, lakini viazi vyangu vilikuwa vichache na wajukuu wangu ni wengi.

Redioni wakati huo wanasiasa walikuwa wanagombana juu ya chakula cha msaada. Mmoja alisema serikali inamwaga hazina ya nchi ndani ya masufuria ya watu. Mwingine akasema hazina ni jasho la hao hao wenye masufuria. Mmoja akataka miji mikubwa ianze kupewa, mwenzake akauliza kama njaa ya mpakani hubisha hodi kwanza. Niliwajibu wote wawili, kwa sauti, mpaka betri zikaisha. Nadhani maneno yangu yaliwafikia, maana haikupita wiki unga ukaja.

Ulikuja na lori, pamoja na maharagwe, ugawiwe mtaani kwetu. Mwenyekiti Okia akatuita uwanja wa shule, tukae mbali mbali, barakoa usoni. Yangu niliishona kwa kitambaa cha suruali ya marehemu mume wangu, na siku hiyo nzima nilimsikia akininong'oneza nifunge mdomo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Matayo, mwenye duka la mbegu. "Serikali inapoteza pesa," akasema. "Unga tutakula leo, kesho tuko hapa tena na mifuko mitupu. Wangenunua mbegu! Na deni la unga huu wajukuu ndio watalipa."

"Mbegu za duka la nani, Matayo?" Damalie muuza samaki akamrukia. "Na mahindi yakiiva, atavuna nani, sisi tukiwa tumeshakufa?"

Watu wakacheka ndani ya vitambaa. Matayo hakucheka.

"Haya, ugawiwe," akasema. "Lakini kwa watu wa hapa. Huyu Ekaju ni wa Kenya. Kabla ya korona kila asubuhi nilimwona anakwenda huko."

"Na mimi kila jioni nilimwona anarudi," Damalie akasema. "Wewe jioni ulikuwa unatazama wapi?"

Okia akainua mkono tunyamaze. Akamgeukia Ekaju, aliyekuwa kwenye baiskeli yake pembeni, mashavu yameingia ndani. "Ekaju, wewe hapa umezika nani?"

Swali hilo si dogo kwetu. Awe Msamia, Mteso au Mjopadhola, mtu ni wa pale walipolala watu wake. Kodi ya chumba haimfanyi mtu awe wa mahali.

"Mama yangu yuko Mwello," Ekaju akasema. "Hapa mimi sina kaburi."

Na barabara ya Mwello haikuwa na gari siku hizo, na kwa njaa ile asingefika kwa baiskeli. Niliona Okia anaanza kumwangalia mtu anayefuata, na nikajua Ekaju akitoka pale mikono mitupu, siku moja mlango wake tutaufungua sisi, tumkute amekufa. Nikasimama.

"Ni mume wangu! Mpimie pamoja na nyumba yangu."

"Jaja Anyango, bibi mzima!" Okia akashika kichwa. "Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Kwa sababu ya korona hatukualika watu."

Ekaju akakohoa. "Mwenyekiti, huyu mama mimi namheshimu sana. Lakini sikumwoa. Njaa yangu bado haijafika huko."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Nikakaa, mjane kwa mara ya pili.

Matayo akavuta barakoa chini ya kidevu. Alisubiri mpaka watu wamalize.

"Mimi bado nasema unga huu ni pesa ya kutupa. Hata redioni nitasema. Lakini mama yangu alifia hospitali ya ng'ambo, ule mwaka wa mvua kubwa, na magari yote yakatukataa. Aliyemleta nyumbani ni Ekaju. Alimlaza nyuma ya kiti chake, akazungusha polepole, hakumtikisa." Akamgeukia Okia. "Umemuuliza kaburi, Mwenyekiti. Hesabu la mama yangu kuwa lake."

"Na mbao za jeneza la baba," sauti ikatoka nyuma. "Nazo alileta yeye."

"Na shangazi yetu," mwingine akasema.

Okia akafuta macho, akasingizia vumbi. "Basi huyu ana makaburi kushinda sisi sote. Apimiwe unga."

Nashukuru. Naishukuru serikali, hata kama unga ulikuja na wadudu wake, wakubwa, wengine walishuka lorini kwa miguu yao. Namshukuru Damalie kwa ulimi wake. Namshukuru Matayo, ambaye mpaka leo anabishana na Damalie sokoni juu ya unga na mbegu, na hakuna aliyeshinda.

Ekaju alipopimiwa, kwanza alifikisha mifuko yetu sisi wazee majumbani kwetu, ndipo akaenda kwake. Jioni nikaona moshi nyuma ya kinu cha Maloba. Serikali ilikumbuka unga na maharagwe, ikasahau chumvi. Nikafunga kidogo kwenye jani, nikampelekea.

"Asante, Mama," akasema, akanisogezea kigoda kwa mwiko. "Kaa. Ugali unakaribia."