Tope la Noeli

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana hasira yake haijaniisha. Ilikuwa Majilio, tukiingojea Noeli, mwaka wa vita vya Kagera. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa hapa Bukiriro, na baba yako alikuwa amesimamisha fito na kuezeka paa. Kabla hajakandika kuta, mgambo wakaitwa, akaenda vitani. Wewe ukazaliwa humo ndani ya fito. Mvua ilikuja kwa upande, ikatufuata mpaka kitandani. Aisifuye mvua imemnyea, wanasema. Mimi ilininyea, na siisifu.

Ukaanza kukohoa. Nikawaomba wanawake wa kigango, kanisa letu dogo la kijiji, wanikandikie. Wakasema nisubiri kidogo, kwanza wanakandika nyumba ya Bwana, Noeli imekaribia. Wakawa wanapita mlangoni kwangu na ndoo za tope kichwani, wanaimba, wananisalimia vizuri kabisa. Salamu haizibi ukuta.

Kwetu mzazi hatoki nje kabla mtoto hajatolewa kwa desturi. Mimi nilitoka. Nilikufunga kwenye kanga, nikaingia kigangoni wakiwa kazini, nikawaamkia. Pango la Noeli lilikuwa tayari, limeezekwa nyasi mpya, ndani pakavu. Nikakulaza humo.

Katekista, mtu mpole, akashtuka. "Mama, hapo tumemwandalia Yesu."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nimemleta. Kwangu kunanyesha."

Ukakohoa. Wimbo ukakatika. Bibi Anastazia, mkubwa wa wale wanawake, alikuwa hajaitikia hata shikamoo yangu. Alikutazama wewe, akaitazama ndoo yake.

"Marahaba, binti yangu," akasema taratibu. Kisha akawageukia wenzake. "Tope bado bichi. Bebeni ndoo."

Walikandika kwangu mpaka jua likazama, na bibi yule ndiye aliyeziba upande wa kitanda chako kwa mikono yake. Noeli ile kigango kilibaki na ukuta mmoja wa fito tupu. Tulisali hivyo hivyo, upepo ukitupiga. Ukapona kikohozi. Baba yako aliporudi aliupapasa ukuta, hakuamini.

Sasa nisikilize. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini huyu Mgeni tunayemngoja hapigi hodi kigangoni tu. Yumo kwenye kikohozi cha mtoto wa jirani, yumo kwa mke wa askari, yumo hata ndani ya ndoo ya tope. Ungama, funga, imba, yote ni mema. Ila kabla hujapamba pango, chungulia nyumba ya pili kama kuta zake zimezibwa. Usingoje mzazi avunje mwiko ndipo uone.

Mungu akupe kifua kizima, mwanangu, na macho ya kuona mapema. Na Bwana atakapokuja, akukute mikono yako ina tope.