Tairi Lililopinduliwa

Mshale ulikuwa umeangalia nyuma. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya gari langu kule Nzega, kwenye kambi iliyoachwa na wajenzi wa barabara, ambako sisi wapenda mbio hukutana na kuzungusha magari juu ya lami yao ya zamani. Tairi la mbio lina mshale ubavuni, unakuonyesha lizungukie wapi. Yangu mawili ya mbele yalikuwa yamefungwa kinyume, na damu ilinichemka.

Nikamwita mume wa mdogo wangu, aliyenitengenezea gari kwenye gereji yake Ipuli, pale Tabora mjini. "Shemeji, umefanya nini hapa?"

"Nimekupindulia," akasema, anatabasamu kabisa. "Yalikuwa yameliwa ndani, nje bado mapya. Nishukuru basi."

Ndivyo tunavyofanya Tabora. Tairi likiliwa upande wa ndani hulitupi. Unalichomoa kwenye rimu, unaligeuza, na maisha yanaendelea. Kwa gari la kubebea tumbaku haina neno. Kwa gari linalokata kona mbio mbio ni kujichimbia kaburi, na nilimwambia hivyo hivyo, bila kupaka mafuta.

Siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuchezea. Mwaka jana nilitoka nje ya lami nikaishia kwenye shamba la pamba la watu, mume wangu anatazama. Tukapatana, tukapeana na mikono: nikitoka tena, au nikiogopa nisiingie, gari linauzwa. Nikimaliza mizunguko yote ndani ya lami, hataitaja tena habari hiyo. Gari lile nimelinunua kwa asali yangu, niliyoiuza debe kwa debe. Nalipenda, na sioni haya kusema.

Nikapiga jeki, nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu la kushoto. Kulikuwa na kidonda pale, cha shimo nililolivaa wakati wa masika. Kilipokuwa upande wa nje nilikichunga kila asubuhi. Sasa kilikuwa kimegeuziwa ndani, hakionekani, na kimevimba kama andazi.

"Ni mizunguko michache tu," shemeji akasema. "Litavumilia."

"Kama hujisikii, mama, si lazima," mume wangu, aliyekuwa amesimama kando, akadakia kwa ile sauti yake ya upole ninayoijua. Nilitamani kumtia kofi.

Tusidanganyane, nilishawishika. Spea yangu ilikuwa tairi la kawaida, jembamba, na nilijua litateleza. Lile lililovimba lingeweza kuvumilia kweli. Lingeweza pia kupasuka katikati ya kona, nami ndani. Nikajua nikikaa nalitazama nitaliacha hapo hapo, kwa hiyo nikaenda kwa mchoma nyama nikaazima kisu, nikatoa upepo, nikalichana ubavu.

Shemeji alishika kichwa. "Wewe dada una roho mbaya. Tairi zima hilo."

"Njoo unishikie uzi," nikamwambia.

Matairi ya nyuma, ambayo hakuyagusa, nikayaleta mbele, kila moja upande wake. Lile jingine lililopinduliwa, la kulia, nikalihamishia nyuma kushoto, na kwa kuvuka upande mshale wake ukaangalia mbele. Spea ikakaa nyuma kulia. Kisha tukavuta uzi ubavuni mwa gari, huku na huku, nikapima kwa rula toka kwenye uzi hadi kwenye rimu. Magurudumu ya mbele yalikuwa yametanuka kama miguu ya bata, ndiyo maana matairi yaliliwa ndani. Nikalala mchangani, nikalegeza nati za vyuma vya usukani, nikayarudisha kidogo kidogo mpaka rula ikaniridhisha. Shemeji alishika uzi hadi mwisho. Alikuwa amenuna, lakini mkono wake haukutikisika.

Nikaingia. Kila kona ya kushoto ile spea ililia na mkia wa gari ukataka kunipita. Nilikuwa naachia mafuta mapema, nazungusha usukani taratibu, nawaacha wenzangu wanipite. Kuna mtu alinipigia kelele kutoka pembeni kwamba mwenda pole hajikwai, watu wakacheka. Wacheke. Mimi nilikuwa natazama ukingo wa lami, na niliogopa. Kwenye mzunguko wa mwisho gurudumu la nyuma lilifika kabisa ukingoni, nikasikia kokoto zinagonga chini ya gari. Sikukanyaga breki. Nilinyoosha usukani, nikangoja, likarudi.

Nilimaliza wa mwisho. Niliposhuka nikaegemea mlango.

Mume wangu akaja, akazunguka gari lote akilikagua, akasimama mbele yangu. Hakunipongeza. Alinyoosha mkono apewe funguo, kama anavyofanya siku zote tukiwa safarini.

"Nani anaendesha kurudi Tabora?" nikamuuliza.

Akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha akautia mfukoni, akazunguka upande wa abiria, akakaa, akajifunga mkanda.