Furu Mkononi mwa Mchambua Dagaa

Mchambua dagaa wa mwalo wa Nyegezi, pale mitumbwi inaposhusha samaki wa ziwani, hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na vidole vyake hufanya kazi vyenyewe hata macho yakiwa kwingine. Huvipuliza kwanza, kisha huinama juu ya dagaa wabichi, akachomoa furu, samaki mdogo mwenye miiba, na kumrusha nyuma bila kugeuka. Bata wake wanajua pa kusubiri. Zamani wasingepata kitu, maana sangara walikuwa wamewala furu karibu wote. Siku hizi bata wamenenepa, na mumewe anarudi nyavu zake za sangara zikiwa tupu.

Asubuhi hiyo Jovitus, mtafiti wa samaki, alimwamkia, akamuwahi bata mmoja na kuokota furu.

“Wamerudi, mama! Sangara wamevuliwa mno, ndiyo maana furu wanapumua.”

“Kwa hiyo ziwa linapona?”

“Kwa furu, ndiyo.”

“Na kwa mzee wangu? Anataka tuuze nyavu leo. Ananingoja mimi niamue.”

Jovitus alikuna kichwa. “Hapo hata mimi sijui, mama.”

“Mwanangu, umesoma mpaka umeota kipara, na hujui!”

Mama alicheka. Akapuliza vidole, akachomoa furu mwingine. Mkono ulipanda kama kawaida, ukaishia hewani. Akamtazama yule samaki kama mgeni aliyepiga hodi bila kusema ameleta msiba au harusi.

“Tuuze, tusiuze?” mumewe aliita kutoka mtumbwini.

Bata walikuwa wamenyoosha shingo. Mkono haukushuka.