Sakafu ya Fundi Jicho

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akigombana na sakafu, ungepita nyumbani kwa Fundi Jicho mwezi ule.

Kwanza nieleze jina. Alikuwa fundi wa vigae, na kwa miaka zaidi ya ishirini alivipanga kwa jicho tu. Wenzake walifunga kamba, wakapima, wakaweka pimamaji juu ya kila mstari na kukichungulia kile kiputo cha hewa kama wanachungulia mtoto mchanga aliyelala. Yeye alisimama mlangoni, akafumba jicho moja, akasema, "Huku kumeshuka, ongeza saruji," na kweli kumeshuka. Jina likamganda, na yeye akavimba kichwa, tena si kidogo. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alimnunulia pimamaji mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Jicho alinuna siku mbili. Pimamaji ikawekwa juu ya kabati la vyombo jikoni, na huko ikakaa miaka kumi na minane, ndani ya nailoni yake ya dukani.

Nyumbani hawakuitana mpenzi wala nani. Yeye alimwita mkewe Mwalimu, na mkewe alimwita Fundi akiwa na hasira, mume wangu akiwa hana.

Siku ya ajali hakuanguka kutoka ghorofani wala hakugongwa na gari. Afadhali angegongwa, angalau angekuwa na kisa cha kusimulia. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya zege katika jiko la mteja, anajaza saruji nyeupe kwenye mistari ya vigae, mtu akamwita. Akainuka ghafla. Utosi ukakutana na ukingo wa zege, akaenda chali, na kisogo kikagonga vigae alivyovipanga kwa mikono yake asubuhi ile ile. Mshirika wake wa kazi, mtu mnene wa maneno mengi waliyemwita Saruji, alimkuta amekaa chini anatabasamu.

"Leo siku gani?" Jicho aliuliza.

"Jumanne."

"Ahaa." Akafikiri. "Leo siku gani?"

Alipouliza mara ya nne na kutapika kwenye ndoo, Saruji aliacha kucheka akamkimbiza hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo mdogo, ila maneno yake yalikuwa ya mtu mzima. Picha haikuonyesha damu wala ufa, alisema, lakini ubongo umetikisika, na dawa yake kubwa ni mapumziko. Siku mbili tatu za mwanzo akae chumba chenye kivuli, simu aiweke mbali. Baadaye atembee kidogo kidogo. Kuinama, kubeba mizigo na kupanda ngazi asahau mpaka aruhusiwe. Akitapika tena, kichwa kikizidi kuuma, au akianza kuongea yasiyoeleweka, aletwe saa hiyo hiyo. Mwalimu aliandika yote kwenye daftari.

"Kwa hiyo kesho naingia kazini saa ngapi?" Jicho aliuliza.

Daktari alimgeukia Mwalimu. "Pole sana, mama. Kazi unayo."

Na kazi alikuwa nayo kweli. Mume aliyezoea kutoka alfajiri na kurudi na vumbi kwenye kope sasa alilala kitandani mchana, mapazia yamefungwa, hana la kufanya. Alihesabu mbao za dari. Zilikuwa ishirini na sita. Akazihesabu kutoka upande wa pili, zikawa ishirini na saba, akakasirika. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akakaa, akalala. Akisikia kijiko kinagonga kikombe alihisi kimegonga ndani ya fuvu lake. Maneno yalimponyoka. Alitaka mto, akasema "ile, ile ya kuwekea kichwa," na aliposikia alichosema aliona aibu, akageuza uso ukutani.

Siku ya tano bintiye, mwanafunzi wa sekondari, alikuja kukaa naye na kitabu. Alisoma kimya, kwa adabu zote, akifunua kurasa polepole.

"Acha hizo kelele!" Jicho alifoka.

"Kelele gani, baba?"

"Hizo karatasi! Mnataka kuniua?"

Mtoto alitoka analia. Jicho alibaki anajichukia. Hakuwa baba wa kufokea watoto. Jioni alimwita, akamshika mkono, akamwambia, "Nisamehe mama, si wewe. Sijui nani anaongea humu ndani." Binti akamwambia hapana neno, lakini tangu hapo alikisomea kitabu chake uani.

Siku ya saba ndipo sakafu ilipoanza.

Alisimama mlangoni mwa sebule anataka kwenda maliwatoni, akaona vigae vinashuka kuelekea mlango wa mbele. Akashika fremu. Akatazama tena, vinashuka bado. Korido nayo, chumba cha watoto nacho, vyote vimeinama upande ule ule kama trei inayomwagwa. Sakafu yote ya nyumba ile aliipanga mwenyewe wiki moja kabla ya harusi, akiwa kijana wa kupiga kifua. Aliwahi kuwaambia wageni kwamba ukimwaga maji katikati ya jiko lake, maji yenyewe hayatajua yaende wapi.

"Mwalimu, nyumba imetitia."

"Nyumba haijatitia, mume wangu. Ni kizunguzungu. Daktari alisema."

"Daktari anajua vigae?"

Mwalimu alimshika mkono, akamrudisha kitandani. Ruhusa yake ya kazini ilikuwa inaisha, na kesho yake alirudi shule. Binti naye alikwenda darasani. Jicho akabaki peke yake na nyumba iliyoinama.

Alijaribu kulala. Akainuka. Alikwenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Kila akipita aliona kosa lile lile linamcheka, na kila akikumbuka kwamba kosa ni lake alihisi ngozi inawasha. Saa nne asubuhi alitoa tindo na nyundo kwenye sanduku la kazi, akapiga magoti katikati ya jiko, akaanza kubomoa. Kila nyundo iliposhuka kichwa kilipasuka kwa maumivu, naye akaendelea, machozi yanamtoka, kwa sababu angalau mikono ilikuwa na kazi. Aling'oa vigae tisa. Cha kumi kilimshinda, akaona giza, akakaa chini ameegemea ukuta.

Mwalimu alimkuta hivyo hivyo saa saba, mweupe kwa vumbi.

"Fundi," alisema.

Hakufoka. Alimpangusa uso, akampa maji, akamwuliza leo siku gani, akamwuliza tena baada ya muda. Aliporidhika kwamba mtu wake hajapotea, alipanda kwenye kigoda, akaishusha ile pimamaji juu ya kabati, akaichana nailoni kwa meno. Akailaza kwenye vigae vilivyobaki, mwanzo upande mmoja wa shimo, kisha upande wa pili. Kiputo kilisimama katikati, kimetulia.

"Ona mwenyewe," alisema.

Jicho aliona. Aliona kiputo kiko katikati, na aliona sakafu inashuka, yote mawili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo woga halisi ulipomwingia, maana alielewa kwamba sakafu ni nzima na kilichoharibika ni jicho.

Waliporudi hospitali daktari alimpima upya, akamgombeza kistaarabu, akamwambia kuona vitu vimeinama ni sehemu ya kizunguzungu na kwa wengi hali hiyo huisha yenyewe. Akampa mazoezi ya macho na shingo. "Muda gani?" Jicho aliuliza. Daktari akasema hawezi kumdanganya, wengine wiki, wengine miezi.

Saruji alikuja kumjulia hali, akaliona shimo jikoni lililofunikwa ubao.

"Niachie saa mbili tu, shemeji, nalifunga," alimwambia Mwalimu.

"Asante shemeji, lakini liache. Mwenye shimo yupo."

Saruji alikohoa, akakaa, akazungukazunguka na maneno, mwishowe akatema lililomleta. Walikuwa wamepata ukumbi mkubwa wa mikutano, sakafu nzima na ngazi zake. Kazi inaanza mwisho wa mwezi. Anahitaji mtu wa jicho. "Sasa ndugu yangu, nikuwekee nafasi yako, au nitafute mtu? Niambie tu, hatutagombana."

"Njoo Jumamosi ya mwisho, saa nne," Jicho alisema. "Nitakujibu."

Basi kila asubuhi, kabla Mwalimu hajaenda shule, walifanya mtihani. Jicho alisimama mlangoni mwa kila chumba akasema anavyoona, na Mwalimu akailaza pimamaji katikati ya sakafu, jikoni kando ya shimo. Wiki ya kwanza alikosea vyumba vyote. Ya pili, chumba cha watoto kilinyooka, siku iliyofuata kikainama tena, na alikitukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Alitembea asubuhi mpaka kona ya barabara, halafu mpaka sokoni. Aliweza kuvumilia vijiko. Aliweza kusoma ukurasa, halafu kurasa tatu, na binti akarudi kusomea ndani. Wiki ya tatu alisema "sawa" kwa sebule, "sawa" kwa korido, "sawa" kwa kila mahali, na kiputo kikamuunga mkono kila mara. Daktari akamruhusu kazi nyepesi, aanze na saa chache.

Ungetegemea atafurahi. Wapi! Ijumaa jioni, kesho yake Saruji anakuja, alikuwa anapima uani kwa hatua, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka Mwalimu akaacha kusahihisha madaftari.

"Kuna nini tena? Si umepasi?"

"Nimepasi nini, Mwalimu? Sakafu zote za humu ni sawa, na mimi najua ni sawa, nimezipanga mwenyewe. Hata kipofu angesema sawa. Nitajuaje kama naona, au nakumbuka tu?" Akasimama, akageuka. "Nikienda kule ukumbini nikaharibu, nitakuwa nani? Kesho namwambia Saruji atafute mtu."

Mwalimu aliiweka kalamu nyekundu chini. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga, akarudi kwenye madaftari yake.

Jumamosi, saa mbili, Jicho aliamua walau alifunge shimo la jikoni. Aliondoa ubao, akakoroga saruji kwenye karai, akapiga goti moja. Kabla ya kuweka kigae cha kwanza alifanya alichofanya maisha yake yote: aliinua uso, akafumba jicho moja, akaiangalia sakafu yote mpaka ukutani.

Akaganda.

"Mwalimu," aliita taratibu. "Njoo."

Mwalimu alikuja, mikono ina povu la sabuni.

"Hapa katikati ni sawa. Mlangoni sawa. Lakini kona ile," alionyesha kwa mwiko, "kwenye kabati la vyombo, inashuka. Inashuka kwenda ukutani. Ugonjwa ulikuwa unanionyesha kila kitu kinakwenda mlangoni, sasa hii inakwenda kinyume." Aliweka mwiko chini. "Ugonjwa umerudi, sivyo? Niambie tu."

Mwalimu alijifuta mikono kwenye kanga, akaichukua pimamaji, akaenda kwenye kona ile ambayo kwa miaka yote hakumruhusu mtu mwingine kuifagia. Akailaza chini.

Kiputo kiliteleza kikaenda kugota upande mmoja, kikabaki huko huko.

Jicho alitambaa mpaka pale. Aliigeuza pimamaji, akailaza tena. Kiputo kikaenda upande ule ule. Mwalimu naye alikuwa amepiga magoti. Aliinua kidogo mguu wa kabati, akavuta kitu chini yake, akamwekea mumewe mkononi. Kilikuwa kipande cha boksi kilichokunjwa mara tatu, kimekuwa bapa na kigumu kama kigae, na kwa upande mmoja maandishi ya kiwanda yalisomeka bado. Ni boksi la vigae vya sakafu ile ile.

"Tangu lini?" Jicho aliuliza.

"Tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Vikombe vilikuwa vinalia kila nikifungua mlango wa kabati."

"Na hukusema."

"Nilikununulia pimamaji, mume wangu. Ukanuna siku mbili." Mwalimu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Na safari hii ningekuambia vipi? Mwezi mzima nakaa na hiyo kona, naomba uione. Ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii ambayo usingeweza kuikumbuka, maana hukuwahi kuijua."

Jicho alitaka kuona aibu, aibu ikakataa kuja. Miaka kumi na minane amekula chakula hatua tatu kutoka kosa lake mwenyewe, akiwasimulia wageni habari za maji yasiyojua pa kwenda, na sasa alilishika lile kosa kwa furaha iliyomtikisa mabega. Aliliona. Hakuna aliyemwambia, aliliona mwenyewe. Alilia kama mtoto, pale chini, saruji inakauka kwenye karai.

Mlango uligongwa. Sauti ya Saruji ikaingia kabla yake: "Hodi! Nimewahi, najua, nimeshindwa kukaa. Mnisamehe. Vipi ndugu yangu, nitafute mtu?"

"Usitafute," Jicho alijibu kutoka jikoni. "Ila nakuja na pimamaji."

Kimya kikapita huko mlangoni, mara ya kwanza kwa Saruji tangu azaliwe, nadhani.

Jicho alikuwa ameshaikamata tindo. Mwalimu akamwekea mkono juu ya mkono.

"Kona yangu iache."

Jicho akaiweka tindo chini. Akakikunja tena kile kipande cha boksi kwa mikunjo yake ya zamani, akauinua mguu wa kabati, akakirudisha mahali pake.