Aliyemwita Rehema kwa Sauti Yangu

Sikulazimishi uamini. Lakini mdogo wangu Rehema yupo, naishi naye Mchafukoge, hapa Dar, ghorofa ya tatu, na haya yalitukuta mchana kweupe, tukiwa na akili zetu.

Mimi ndiye mkubwa nyumbani. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikaingia Kariakoo kuuza vitenge ili wadogo zangu wasome. Sikuwa mkali, ila jambo moja sikulisamehe: nikikuita, uitike hapo hapo. Mtoto akikupotea kwenye msongamano ule, utampataje kama haitiki? Rehema, wa mwisho, alilishika hilo kuliko wote. Kabla jina lake halijaisha mdomoni mwangu, kashasema, "Abee dada."

Mwaka jana wauzaji wa mtaa wetu tulikodi basi dogo twende kutembea. Siku ya kwanza Tanga, tukaogelea baharini. Ya pili tukapanda Lushoto, tukapita msituni kwa miguu kwenda kwenye jabali ambalo watu husimama juu yake kutazama nyika iliyo chini. Rehema alikuwa na miaka kumi na miwili, hajawahi kuona mlima.

Mwongozaji wetu, Mama Shemweta, mwenyeji wa huko, alituambia njiani, "Ukungu ukishuka, kila mtu asimame alipo. Na msiitane majina."

Faraja, muuza viatu jirani yangu, akacheka. "Mama, sisi watu wa Kariakoo. Tukinyamaza tutakufa njaa."

"Huku huna mteja, baba. Nyamaza tu."

Tulipokaribia jabali, ukungu ukashuka kweli. Mkono wangu niliuona; zaidi ya hapo, hakuna kitu. Mara ya mwisho kumwona, Rehema alikuwa hatua kumi mbele yangu, anachuma maua. Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya nilichozoea. Nikaita jina lake mara tatu, kwa sauti ya sokoni.

"Abee dada."

Nikashusha pumzi. Halafu, niamini, nikasikia: "Rehema! Njoo huku."

Ilikuwa sauti yangu, pamoja na ule mkwaruzo wa koo nilioupata kwa kunadi vitenge. Ilitoka mbele, upande wa jabali. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

"Abee dada, nakuja."

"Rehema, simama!" nikapaza sauti.

"Rehema, njoo!" ikasema ile nyingine, papo hapo.

Akacheka. "Dada, sasa nisimame au nije?"

Nani aliifundisha jina lake? Si mimi? Nikanyamaza. Nikatambaa kwa mikono na magoti nikifuata kuitika kwake, maana kila alipoitwa aliitika, kama nilivyomlea. Abee. Abee dada. Alipoitika mara ya nne nikagusa sweta lake. Nikalivuta kwa nguvu zote, tukaanguka wote wawili.

Akanitazama, kisha akatazama mbele. "Mbona uko nyuma? Si ulikuwa pale, unanipungia mkono?"

Ukungu ukapasuka. Kutoka kiatu chake hadi mwisho wa mwamba ilikuwa shubiri moja. Chini kabisa niliona barabara, na lori dogo kama punje ya mchele.

Mama Shemweta akatufikia. Alimfunga Rehema kanga kiunoni, ncha ya pili akaishika mwenyewe hadi kwenye basi.

Tangu hapo sijamwita Rehema kwa jina. Namfuata, namgusa bega. Sokoni wananiuliza, "Vipi, mmenuniana?" Nawaacha waseme. Hawajui kwamba siku za mvua, jiji likifunga wingu, mimi nikiwa chumbani nakunja vitenge kimya, Rehema huinua kichwa, akasema, "Abee dada," akaelekea roshani. Mlango wa roshani nimeupigilia misumari.

Nendeni mkatembee, milima yetu ni mizuri, sikatazi. Ila ukungu ukishuka, usimwite umpendaye. Mfuate umshike mkono. Na wanao wafundishe kutazama kwanza, ndipo waitike. Wangu nilimfunza kinyume, na sasa sijui namna ya kumsahaulisha.